Siku Tuliyomzomea Bahati

Soda mkono wa kushoto. Mkono wa kulia nimeukunja mdomoni kama baragumu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nilipomzomea Andrew Luck, nyota wa Colts, timu ya mpira wa Kimarekani ya Indianapolis.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Agosti 2019, katika Uwanja wa Lucas Oil, Indianapolis. Mechi yenyewe haikuwa na uzito wowote. Ni zile za kupasha misuli kabla ligi haijaanza, Colts na Chicago Bears, nyota wengi wamekaa benchi. Tiketi tulipewa bure na msimamizi wetu wa zamu ghalani. Tulikwenda wanne: mimi, Wakongo wawili wa Uvira, na kijana mmoja mzaliwa wa Indiana aliyekuwa akitufafanulia kila kitu mara mbili, hata tulichokwisha kukielewa.

Robo ya mwisho, simu zikaanza kuwaka. Kwanza safu ya mbele yetu, halafu ya nyuma, halafu upande wa pili wote. Watu wakaacha kutazama uwanjani. Kijana wa Indiana akasoma yake, akaifunga, akaifungua akasoma tena.

"Luck anastaafu," akasema.

Na Luck mwenyewe alikuwa pale chini, pembeni ya uwanja, kavaa nguo za kawaida, anaongea na wenzake. Umri wake miaka 29. Alipanga kutangaza kesho yake, lakini habari ilivujishwa na mwandishi wa ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, mpira ukiwa bado unachezwa. Kwa hiyo watu wote uwanjani wakajua, naye akajua kwamba wamejua, na bado ilibidi asubiri filimbi.

Mechi ikaisha. Akaanza kutembea kuelekea vyumbani.

Ndipo sauti ikapanda. Kama huijui sauti ya maelfu ya watu wakizomea chini ya paa, ni nzito. Unaisikia kwenye viti kabla hujaisikia masikioni. Nami nikaweka mkono mdomoni.

## Adabu ya kuzomea

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa Mkwakwani, na Coastal Union imenipa sababu nyingi za kuzomea. Refa nimemzomea. Mshambuliaji aliyepaisha penalti nimemzomea mpaka kwenye gari lao. Sijutii.

Ila kuzomea kuna adabu yake. Mtu akitolewa kwa machela, hata awe wa African Sports, wapinzani wetu wa mjini, uwanja mzima unampigia makofi. Hakuna aliyetufundisha, tulikuta wakubwa wakifanya hivyo.

Luck naye alikuwa anatoka kwa sababu ya majeraha. Tofauti ni kwamba alitoka kwa miguu yake.

Jambo hilo sikuliona usiku ule. Nimekuja kuliona juzi juzi tu, nikiwa nimesimama nimeukabili ukuta wa kliniki, vidole vyangu vikipanda taratibu kama kinyonga, na dada wa mazoezi ya tiba akihesabu nyuma yangu. Bega la kulia. Mwezi wa pili nilinyanyua boksi ambalo nimenyanyua mara elfu moja kabla yake, kitu kikalia tk, basi. Daktari akasema gegedu la bega limechanika.

Gegedu la bega, la kulia. Nikatoka pale nikijiuliza nimelisikia wapi.

## Jina lake

Wale Wakongo hawakuwahi kumwita Luck. Walimwita Bahati, kwa sababu neno lenyewe ndiyo maana yake, na kwa sababu Bahati kwetu ni mtu kabisa. Mimi nina binamu Bahati anayeuza mkaa. Kwa hiyo ghalani ilikuwa kawaida kusikia "Bahati jana alirusha vizuri," ukadhani wanamzungumzia jirani.

Jezi yangu namba 12, yenye jina lake, niliinunua kwenye duka la nguo zilizokwishavaliwa. Yaani nimesafiri kutoka Tanga hadi Marekani kwenda kununua mtumba. Herufi K ya mwisho ilikuwa imebanduka nusu, imekunja kona kama sikio la mbwa.

Kwotabeki ni nani, sitalieleza kwa kirefu. Ni yule anayesimama nyuma ya ukuta wa wenzake watano, mpira mkononi, macho yakitafuta wa kumrushia, huku majitu ya kilo 130 yakimjia. Ana kama sekunde tatu. Ukuta ukivuja, anakunjwa.

Colts walimchukua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2012, kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, wiki chache baada ya kumwachia kwotabeki wao mkubwa, Peyton Manning, aende zake. Sijui kama kuna kiatu kigumu kukivaa kuliko hicho. Msimu wa nyuma timu ilikuwa imeshinda mechi 2 kati ya 16. Luck alipofika wakashinda 11. Mwaka uliofuata 11. Uliofuata tena 11. Na kila mwaka walisogea hatua moja mbele katika mtoano, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka.

Mechi ambayo kila mtu wa Indiana atakusimulia, hata usipomuuliza, ni ya Januari 2014 dhidi ya Kansas City Chiefs. Colts walikuwa nyuma 38 kwa 10 katika robo ya tatu. Watu walishaanza kutoka kwenda kuwasha magari. Wakarudi. Kuna wakati mwenzake alipoteza mpira pale karibu na mstari, mpira ukadunda ukamkuta Luck, akaudaka na kuruka nao mwenyewe ndani kama mtu anayeruka mtaro. Ikaisha 45 kwa 44. Kijana wa Indiana hunisimulia tukio lile na mikono yote miwili, na nikimkatiza huanza upya.

Lakini ukuta wake ulivuja tangu siku ya kwanza. Msimu ule wa 2012 alilazwa chini na mpira mkononi mara 41. Na alikuwa na tabia moja ya ajabu: beki akimwangusha barabara, Luck anainuka anampongeza. Umenigonga vizuri, hongera. Wenyewe mabeki walisimulia kwamba ilikuwa ikiwavuruga akili, maana hawakujua kama ni utani au ni malezi.

Sisi tulicheka. Tukasema huyu ni mwanamume. Siku hizi nikiikumbuka tabia ile, kicheko hakiji vizuri.

## Mkojo wenye damu

Orodha hii nimeiandika kwa kalamu nyuma ya karatasi ya miadi yangu ya kliniki, nikiwa nangoja kuitwa.

Gegedu la mbavu mbili. Msuli wa tumbo, umechanika sehemu. Figo, limepasuka. Kichwa, mtikisiko usiopungua mmoja. Bega la kulia, la kurushia, gegedu. Halafu shavu la mguu na kifundo.

Figo lilipasuka Novemba 2015 katika mechi dhidi ya Denver, robo ya nne. Hakutoka. Alimaliza mechi, na Colts wakashinda 27 kwa 24. Kisha akakojoa damu. Denver ile ndiyo iliyokuja kuchukua ubingwa wa msimu huo, kwa hiyo ukitaka kuisifu mechi yake ile kuna mengi ya kusifu, na tuliisifu. Katika vipindi vya redio vya hapa mjini figo la Luck lilizungumzwa kama medali.

Bega lilikuwa limeanza kabla ya hapo, Septemba mwaka huohuo. Akacheza nalo. Akacheza nalo mwaka 2016 mzima, wiki nyingine hafanyi hata mazoezi na wenzake, Jumapili anaingia uwanjani anarusha. Kiangazi cha mwaka huo klabu ilikuwa imempa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 140, mkubwa kuliko wote katika ligi wakati huo. Huwezi kupewa milioni 140 halafu ukasema bega linauma. Au labda unaweza. Sijawahi kupewa.

Alifanyiwa upasuaji Januari 2017. Tukaambiwa atarudi mwanzo wa msimu. Hakurudi. Oktoba akaanza kurusha kidogo, maumivu yakarejea, akasimamishwa. Msimu wote ukapita hajagusa nyasi, akaenda zake Uholanzi kutafuta tiba. Mjini hapa uvumi ulizagaa kama moshi wa kuni mbichi: bega limeoza, mkono umekufa, klabu inaficha.

Juni 2018 akatokea mbele ya waandishi wa habari na kurusha mpira. Si mpira wa ligi. Ulikuwa mpira mdogo, saizi ya wanafunzi wa sekondari. Kamera zote zilikuwa pale. Mtu wa dola milioni 140, anarusha mpira wa watoto, na nchi nzima inapima mkono wake unavyopinda.

Kuna siku dada wa kliniki alinipa mpira laini, mdogo kama chungwa, akaniambia niubane ukutani kwa kiganja na kuuzungusha. Mara kumi. Kwa mtu aliyekuwa akishusha kontena zima na wenzake wawili kabla ya chai, mara kumi zile ni aibu. Nilitazama mlangoni nione kama kuna mtu ninayemfahamu.

## Ukuta ulipokamilika

Sehemu hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaharibu hesabu rahisi.

Angeacha mwaka 2017, kila mtu angeelewa. Mkono umekataa, basi. Lakini alirudi. Mwaka 2018 klabu ilikuwa hatimaye imejenga ukuta wa maana, wakamchukua Quenton Nelson, jitu ambalo likisimama mbele yako ni kama umeegesha lori. Luck akalazwa chini mara 18 tu msimu mzima. Wakaanza vibaya, ushindi 1 na vipigo 5, kisha wakashinda 9 kati ya 10 zilizobaki. Akarusha pasi 39 za tachidauni, yaani za kufunga. Wakampa tuzo ya mchezaji aliyerudi kwa kishindo. Katika mtoano wakaifunga Houston, kisha Januari 2019 wakafungwa 31 kwa 13 na Kansas City.

Ile ya Kansas City ikawa ya mwisho. Hakuna aliyejua, na sidhani hata yeye alijua.

Kwa hiyo ukuta ulikuwa tayari, kocha mzuri, mkono umepona, umri 29. Halafu ukaja mguu. Shavu la mguu, baadaye ikasemwa ni kifundo. Jeraha dogo ukilinganisha na figo. Nakumbuka ghalani tulilifanyia mzaha: mtu amekojoa damu akacheza, leo anashindwa na mguu?

Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba swali lile tuliliweka kinyume.

## Alichokisema usiku ule

Baada ya kuzomewa alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha waandishi. Sisi tulisikiliza garini, barabara ya kutokea uwanjani imefunga, kijana wa Indiana amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sauti ya Luck ilikuwa inakatika. Alisema kwa miaka kama minne ameishi ndani ya mzunguko: jeraha, maumivu, tiba, jeraha, maumivu, tiba, na kwamba mzunguko huo umemnyang'anya furaha ya mchezo. Akasema baada ya ule mwaka wa 2016, alipocheza huku anaumwa, aliapa moyoni kwamba hatapita tena njia ile. Na sasa alijiona amesimama mwanzoni mwa njia ileile.

Walimuuliza kuhusu kuzomewa. Hakujifanya hakusikia. Alisema alisikia, na kwamba iliuma.

Garini hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwa na ladha ya soda mdomoni.

Kiapo kile ndicho nimekuwa nikikitafuna wiki saba hizi. Kwa sababu mtu hajiapizi mwaka 2016 halafu akaamua kwa ghafla mwaka 2019. Alikwenda Uholanzi na kiapo mfukoni. Alirusha mpira mdogo na kiapo mfukoni. Alishinda mechi 9 kati ya 10 na kiapo mfukoni. Sisi tulikuwa tunamtazama mkono.

## "Iko na franga"

Hapa lazima nimpe nafasi mzee wetu wa Uvira, maana alilisema siku ileile, akiwa kiti cha nyuma, baada ya kimya kirefu.

"Iko na franga mingi, huyu. Mumuache aende alale."

Franga kwao ni fedha. Akaliweka hapo, akafumba macho.

Kwa miaka nimekubaliana naye na nimemkatalia. Ni kweli, Luck aliondoka akiwa tajiri, na iliripotiwa kwamba klabu haikumdai arudishe zaidi ya dola milioni 24 za marupurupu ambazo ingeweza kuzidai. Baba yake, Oliver, alikuwa kwotabeki wa Houston Oilers kabla yake, kisha msimamizi wa ligi ya mchezo huo huko Ulaya. Mtoto amekulia London na Frankfurt. Ana shahada ya usanifu majengo kutoka Stanford. Mtu kama huyo akisema nimechoka, chini yake kuna godoro. Mimi nikisema nimechoka kuna kodi ya nyumba tarehe moja, na ada ya mdogo wangu Muheza.

Kwa hiyo ukiniambia nijifunze kwake, nitakuuliza nijifunze nini hasa. Kuacha? Kwa fedha ya nani?

Lakini upande wa pili unanivuta vilevile. Kama fedha ndiyo ingekuwa jibu, basi yeye ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kubaki. Alikuwa anaacha makumi ya mamilioni mezani. Watu wenye magodoro manene ndio wanaocheza mpaka miaka 40 magoti yanapiga kelele. Hesabu ya mzee wa Uvira inaeleza kwa nini Luck aliweza kuondoka. Haielezi kwa nini alitaka.

Na wale mashabiki? Nao wana lao. Msimu ulikuwa unaanza wiki mbili baadaye, watu wameshalipia viti vya mwaka mzima, wengine kwa kukopa. Colts walimaliza na ushindi 7, vipigo 9. Kisha kila mwaka kwotabeki mpya: Brissett, Rivers, Wentz, Ryan, kama nyumba inayobadilisha wapangaji. Ukiwa shabiki, maumivu hayo ni ya kweli. Siwadharau. Nilikuwa mmoja wao na bado jezi ninayo.

## Mvumilivu

Nilimpigia mama Jumapili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bega vipi?"

Nikamwambia daktari amesema nichague: upasuaji na miezi mingi nje, au kazi nyingine isiyo ya kunyanyua. Mama akakaa kimya kidogo, nikasikia jogoo nyuma yake.

"Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

Nilisema ndiyo mama. Nimesema ndiyo mama kwa methali hiyo tangu nina miaka sita. Ila baada ya simu nikaanza kuwahesabu wavumilivu ninaowajua ghalani. Mmoja hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Mmoja analala akiwa amekaa. Embe zao sijaziona. Labda mama ana maana nyingine ya kuvumilia, yake ni mtu aliyekaa na duka dogo miaka 30 bila kulala njaa, na hiyo nayo ni kweli. Sikumpinga. Mama yangu hapingwi kwenye simu ya dola.

Jioni ile nilimtafuta Luck mtandaoni, kujua tu aliishia wapi. Alirudi Stanford kusomea elimu, shahada ya pili, na Novemba 2024 chuo kikampa umeneja mkuu wa timu yake ya mpira. Picha niliyoikuta kasimama pembeni ya uwanja, ndevu zilezile zilizokuwa zikiwafanya watu wa mtandaoni wamtanie kuwa ni ofisa wa jeshi wa karne ya 19. Amekunja mikono kifuani. Bega la kulia limekaa sawa na la kushoto. Nililitazama bega lile kuliko nilivyotazama uso.

## Tatu

Kila nikifika kliniki, kabla ya chochote, dada wa mazoezi huniuliza swali moja: kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi leo?

Nami kila siku nasema tatu.

Tatu ni namba ya kiungwana. Si sifuri, wasije wakakuona mwongo. Si tano, wasije wakaandika kitu kitakachofika kazini. Usiku silali upande wa kulia, siwezi kufikia kabati la juu, mswaki nashika kwa kushoto. Tatu.

Jumanne aliniuliza tena, kalamu tayari, hata hakuinua macho, maana jibu alishalijua.

"Saba," nikasema.

Akainua macho. Akafuta alichokwisha kuandika. Akaniuliza saba hiyo imeanza lini, nikaanza kuhesabu kurudi nyuma kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja havikutosha.